Bembea ya wawili isishonwe kwa kitambaa cha kubahatisha

Mtu anayetaka kujishonea bembea ya kulalia watu wawili, ile inayofungwa kati ya miti miwili kisha ikakunjwa na kutiwa mkobani, kwa kawaida huingia dukani na swali moja tu: kitambaa chepesi kuliko vyote ni kipi? Muuzaji humshushia jora la nailoni laini, mnunuzi anaikunja kiganjani, anaona imepotea ndani ya ngumi, anaridhika na kukatiwa mita zake. Biashara imekwisha, na hakuna aliyetaja uzito wa watu watakaoilalia.

Swali hilo limekaa vibaya. Uepesi ni sifa nzuri, na anayepanda Usambara na mzigo mgongoni ana haki ya kuutafuta. Lakini bembea ya wawili hubeba kilo 130, 140, wakati mwingine zaidi. Kitambaa chake kinatakiwa kichaguliwe kwanza kwa jinsi kilivyofumwa, kisha kwa upana wake, ndipo uepesi uje kuamua kati ya vilivyobaki. Anayeanza na uepesi anajishonea anguko.

Kazi yenyewe haiwashindi mafundi wetu. Wanaoshona maturubai ya malori, mahema ya sherehe na mabegi ya shule wanaweza kupokea kitambaa asubuhi na kukabidhi bembea jioni. Kinachokosekana ni taarifa juu ya kile walicholetewa washone.

Bembea za kulalia ni ubunifu wa wenyeji wa visiwa vya Karibiani na bara la Amerika. Christopher Columbus alipofika Bahama mwaka 1492 aliwakuta watu wakilala katika nyavu za pamba zilizotundikwa, na mabaharia wa Ulaya wakaja kuiga, kwa kuwa kitanda kinachoning'inia hakimtupi mtu meli inapoyumba. Kwa karne kadhaa waliendelea kulalia turubai nene. Nailoni ilipatikana mwaka 1935, kazi ya mkemia Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont huko Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipokata njia ya hariri kutoka Japani, miavuli ya askari wa angani ikaanza kushonwa kwa nailoni. Kitambaa cha parashuti kinachokatwa leo kwa ajili ya makoti na mifuko ni cha ukoo huo: chembamba, kinateleza mkononi, na kina nguvu kuliko kinavyoonekana.

Hata hivyo, wanaolala bembeani kila usiku wa maisha yao hawakukimbilia wembamba. Katika rasi ya Yucatán nchini Mexico, nyumba nyingi hujengwa na kulabu ukutani. Bembea hutundikwa usiku na kuondolewa asubuhi ili chumba kifanye kazi nyingine. Ile ya wawili huuzwa kama saizi ya wanandoa, na sifa inayotajwa ni upana wake na wingi wa nyuzi zake. Nyuzi za pamba au nailoni husongamanishwa nyingi, na kila mmoja hubeba sehemu ndogo ya mwili. Kaskazini-mashariki mwa Brazil wao hupenda pamba nzito na pana, inayomfunika mlalaji pande zote mbili. Watu hawa wana uzoefu wa vizazi na vizazi, na uchaguzi wao unastahili kusikilizwa na kila anayeanza leo.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, mnunuzi aamue bembea itakaa wapi. Kama itatundikwa barazani na kubaki hapo, hana sababu ya kuhangaikia gramu. Achukue turubai la pamba au marekani nene, ashone, alale. Uepesi una maana pale tu bembea inaposafiri: kwenye mkoba wa wanaokwenda kupiga kambi Lushoto, au ndani ya kikapu cha wanaovuka kwa pantoni kwenda ufukweni Kigamboni siku ya Jumapili.

Tuwachukue hao wanaosafiri, tufanye hesabu. Bembea yenye urefu wa mita 3.3 na upana wa mita 1.9 inawatosha watu wazima wawili. Eneo lake ni mita za mraba 6.27. Ikishonwa kwa turubai la pamba lenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, kitambaa peke yake kitakuwa karibu kilo 1.9. Ikishonwa kwa nailoni ya gramu 64 kwa mita ya mraba, ni gramu 400. Ikishonwa kwa ile nyembamba kabisa inayopendwa na wasafiri, ya gramu 37, ni gramu 232. Kutoka turubai hadi nailoni ya kawaida msafiri ameokoa kilo moja na nusu, na huo ni unafuu mkubwa. Kutoka nailoni ya kawaida hadi ile nyembamba ameokoa gramu 170 tu, zisizofika hata nusu ya uzito wa maji ya chupa ya nusu lita, na mzigo wenyewe ni wa watu wawili.

Kwa gramu hizo 170 mnunuzi anaitoa akiba yote ya usalama wake. Nailoni ya gramu 37 inamfaa msafiri anayelala peke yake na ambaye mwili wake si mzito. Bembea za wawili zinazotengenezwa kwa ajili ya wapiga kambi huko Marekani nyingi hushonwa kwa nailoni ya denia 70, na kikomo kinachoandikwa ni takriban kilo 180. Denia ni kipimo cha unene wa uzi: mita 9,000 za uzi wa denia 70 zina uzito wa gramu 70. Kitambaa kilichofumwa kwa uzi huo mara nyingi huangukia kati ya gramu 60 na 70 kwa mita ya mraba. Hapo ndipo pa kuanzia kwa watu wawili. Chini ya hapo, kitambaa kiwekwe tabaka mbili, na ule uepesi uliokuwa ukitafutwa unapotea.

Kilo 140 za wanandoa pia haziji kama kilo 140. Kamba za bembea zikishuka kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila upande hubeba mvuto wa kilo 140. Zikivutwa zaidi hadi digrii 15, mvuto unapanda hadi kilo 270 kila upande. Zikikazwa hadi digrii 10, kwa sababu mtu anataka bembea iliyonyooka kama kitanda, kila upande unabeba zaidi ya kilo 400. Hapo hakuna aliyeruka wala kujitupa, wamekaa tu. Mwenzi mmoja akijibwaga kwa kishindo, mvuto unazidi huo. Vitambaa vingi vinavyolaumiwa kuwa dhaifu vimepasuka kwa sababu ya kamba iliyokazwa kupita kiasi, na aliyeikaza alifanya hivyo kwa nia njema ya kutafuta starehe. Bembea ilegezwe. Kwa kitambaa cha mita 3.3, ncha mbili zikiachana kwa mita 2.7 hivi, tumbo la bembea linashuka inavyotakiwa na mwili unapata nafasi ya kulala mshazari.

Kulala mshazari ndiko kunakoufanya upana uwe na maana. Anayelala sambamba na kamba hujikunja katikati, na wawili wakilala hivyo hubingirishana chini mpaka mabega yanagandana. Wakilala mshazari, kila mmoja anapata sehemu iliyotandazika. Mmoja akiwa mzito kuliko mwenzake, yule mwepesi atateremkia kwake usiku kucha. Wakipishana vichwa, mmoja huku na mwingine kule, wanapunguza adha hiyo. Bembea yenye upana wa mita 1.5 haiwapi nafasi ya kufanya hivyo. Mita 1.9 inawapa.

Majora mengi ya nailoni yana upana wa mita 1.5 tu, kwa hiyo lazima vipande viungwe. Wengi huunga vipande viwili vinavyolingana, na mshono unapita katikati kabisa, chini ya migongo na viuno. Uamuzi huo haufai. Kipande kizima cha mita 1.5 kiachwe katikati kibebe watu, na vipande vyembamba vya sentimita 25 kila kimoja vishonwe pembeni, kulia na kushoto. Kingo zikishaliwa na mishono na pindo, upana unaobaki ni karibu na mita 1.9. Watengenezaji wa bembea za kambi nao hushona hivyo, vipande vitatu. Mita saba za jora zinatosha kazi nzima, na kinachobaki kinatosha kushonea mfuko wa kuibebea.

Fundi anapounga vipande, aingize kingo mbili zikumbatiane, apitishe mshono wa kwanza, alaze, apitishe wa pili sambamba nao. Ni ule mshono unaoonekana ubavuni mwa suruali ya jinzi, wenye mistari miwili ya uzi. Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba huoza kabla ya nailoni. Sindano iwe nyembamba na mpya, kwa sababu sindano butu husukuma na kukata nyuzi badala ya kupita kati yake. Hatua za mshono ziwe za milimita tatu hivi. Fundi anayebana hatua akidhani anaimarisha anatoboa matundu mengi yaliyofuatana, na huo unakuwa mstari wa kupasukia. Kwenye ncha mbili za bembea, kitambaa kikunjwe sentimita nne au tano kutengeneza njia ya kamba, kishonwe mistari mitatu, kamba ipite, na kitambaa kijikusanye chenyewe juu yake. Bembea haihitaji matundu ya chuma wala vifungo. Kila tundu la chuma katika kitambaa chembamba ni mwanzo wa mpasuko.

Mwelekeo wa kukata nao una uzito wake. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa jora, kwa kawaida huvutika kidogo kuliko za mshindio. Zifuate urefu wa bembea, kutoka mti hadi mti. Anayekata kinyume kwa kubana matumizi atashangaa bembea yake inavyorefuka kila siku.

Mnunuzi atakutana na aina mbili za nailoni. Moja imefumwa sawasawa kote, laini, inapendeza mwilini. Nyingine ina miraba midogo inayoonekana ukiiangalia kwenye mwanga, kwa kuwa kila baada ya milimita chache umeingizwa uzi mnene zaidi. Miraba hiyo huzuia tundu dogo lililochomwa na mwiba lisiendelee kuchanika. Haimaanishi kwamba kitambaa kinabeba kilo nyingi zaidi. Kitambaa chenye miraba lakini chenye gramu 37 kinabaki kuwa cha gramu 37, na muuzaji anayeonyesha miraba kama uthibitisho wa nguvu anampotosha mteja, hata kama hakukusudia. Kwa wawili, nailoni ya denia 70 ya aina yoyote kati ya hizo inafaa. Yenye miraba ipewe nafasi ya kwanza kwa wanaokwenda porini penye miiba.

Polista ina mahali pake. Nailoni hunyonya unyevu, takriban asilimia 4 ya uzito wake katika hewa ya kawaida, na ikilowa huvutika. Bembea iliyofungwa vizuri jioni inaweza kuamkia imeshuka karibu na ardhi baada ya mvua. Polista hunyonya chini ya asilimia 1 na hubaki ilivyofungwa. Pia huvumilia jua zaidi. Kwa hiyo bembea itakayoachwa nje siku nyingi kwenye ufukwe wa Paje, Diani au Bagamoyo ishonwe kwa polista iliyofumwa kwa kubana, na ya kubebwa na kufunguliwa kwa usiku mmoja ishonwe kwa nailoni, ambayo huupokea mwili kwa ulaini zaidi. Pamba ni tamu ngozini na haidhoofiki ikilowa, ila hukauka polepole, na msimu wa masika ukungu huila. Khanga na shuka za kitandani zisiingizwe katika hesabu hii. Khanga ilifumwa ivaliwe, na shuka la sita kwa sita ni fupi mno kwa mtu mzima kulala mshazari, sembuse wawili.

Dukani hakuna maandishi, lakini kitambaa chenyewe husema. Mnunuzi aombe uzi mmoja wa pembeni, auchome kwa kiberiti akiwa ameushika kwa koleo au kibano, mbali na jora. Pamba huwaka kwa mwali, hutoa harufu ya karatasi inayoungua, na huacha majivu laini yanayosagika vidoleni. Nailoni hujikunja na kukimbia moto, huyeyuka, kisha huacha kitone kigumu cha rangi ya kijivu au ya kahawia. Polista nayo huyeyuka, lakini kwa moshi mweusi, na kitone chake ni cheusi. Kitone kisiguswe kabla hakijapoa, kwa sababu hugandia ngozi. Jaribio hili ni la dakika moja na linamaliza ubishi wote wa kaunta.

Jaribio la pili ni la pumzi. Kitambaa kiwekwe mdomoni na kupulizwa. Hewa ikikataa kupita, kimepakwa dawa ya kuzuia maji, kama vile vya miavuli na makoti ya mvua. Kwenye joto la Tanga au Mombasa, watu wawili juu ya kitambaa kisichopitisha hewa wataamka wamelowa jasho kana kwamba mvua imewanyea kwa ndani. Kitambaa kama hicho kitumike kwa paa la juu. Mwili ulale kwenye kinachopumua.

La tatu ni mizani. Mita moja ya jora lenye upana wa mita 1.5 ikipimwa kwenye mizani ya jikoni ikaonyesha gramu 96, gawanya kwa 1.5, unapata gramu 64 kwa mita ya mraba. Muuzaji akikataa kupima kabla ya kukata, inunuliwe mita moja kwanza, na zile saba zifuate baada ya kujua.

Kinachopumua kina udhaifu mmoja ambao hapa kwetu hauwezi kupuuzwa. Mbu hupenyeza mdomo katika kitambaa chembamba kilichobanana na ngozi, na mbu wa malaria huuma usiku. Chandarua kilichoshushwa juu ya walalaji hakiwasaidii kama mgongo umeachwa wazi upande wa chini. Jeshi la Marekani, lilipowapeleka askari misitu ya Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, liliwapa bembea zilizoshonewa chandarua na paa. Anayejishonea achague moja: chandarua kirefu kinachoizunguka bembea nzima mpaka chini, au blanketi jembamba litakalotandikwa kati ya mwili na kitambaa. Nyanda za juu, kuanzia Njombe hadi Limuru, blanketi hilo ni la lazima kwa sababu nyingine pia: upepo unaopita chini ya bembea huondoa joto la mwili haraka, na nailoni ya gramu 64 haizuii baridi.

Kitambaa kizuri kikifungwa vibaya kinaangusha vilevile. Mivinje ya ufukweni na miembe iliyokomaa inafaa. Mpapai haufai kabisa, na mnazi wenye nazi hauna nafuu kwa aliyelala chini yake. Kamba nyembamba hukata gome la mti na kujikata yenyewe; mkanda mpana wa polista, hata ule wa usalama wa gari unaopatikana kwa wauza vipuri ukiwa haujachakaa, ndio wa kuzungushia mti. Tumbo la bembea, watu wakiwa wameshakaa, lisizidi urefu wa kiti kutoka ardhini, na chini yake pasiwe na jiwe wala kisiki.

Haya yote mnunuzi anaweza kuyafanya mwenyewe, lakini si haki aachiwe mzigo mzima. Mfuko wa saruji huandikwa kilo zake. Waya wa umeme huuzwa kwa unene wake. Jora la kitambaa ambalo watu watalikabidhi miili yao, iwe kwa bembea, hema au begi la mgongoni, hukatwa kwa kutajwa rangi na bei. Viwanda vinavyolifuma na waagizaji wanaolileta wanazijua sifa zake, kwa sababu ndizo wanazoagizia. Taarifa hizo hupotelea njiani kati ya ghala na kaunta, na anayezihitaji zaidi, fundi wa mtaani na mteja wake, hazimfikii.

Wenye maduka ya vitambaa wa Kariakoo, Darajani, Eastleigh na Mtaa wa Biashara Mombasa waanze na kikaratasi kimoja kilichobanwa mwanzoni mwa kila jora: aina ya nyuzi, denia, gramu kwa mita ya mraba, na kama kimepakwa dawa ya kuzuia maji. Wateja nao waanze kuyauliza hayo manne kabla ya kuuliza bei. Mpaka kikaratasi hicho kitakapopatikana, anayeshona bembea ya wawili aende dukani na mizani yake na kiberiti chake, na kitambaa chepesi kisichofika gramu 60 akirudishe kaunta.